Nyumba Iendayo kwa Magurudumu

Mtu aendaye safari ndefu hutaka mambo mawili yasiyopatana. Mchana ataka kwenda upesi, kwa hiyo ataka mzigo mwepesi. Usiku ataka kulala vema, kwa hiyo ataka kitanda, na maji, na moto wa kupikia, na dari ya kuzuia mvua. Kobe ana nyumba popote aendapo, lakini mwendo wake kila mtoto aujua. Swala amechagua mwendo, naye hulala majanini. Wanadamu wamejaribu kwa muda mrefu kuipata nyumba ya kobe pamoja na miguu ya swala, na katika kujaribu huko wametengeneza magari ya namna nyingi ambayo ndani yake mtu huweza kusafiri, kupika na kulala. Magari hayo huitwa magari ya kulala. Katika Ulaya, Marekani, Australia na Afrika ya Kusini ni mengi sana, na mengine huonekana hata katika barabara za Afrika Mashariki, yakiwa na namba za nchi za mbali na vumbi la nchi nyingi.

Atazamaye magari hayo kwa mara ya kwanza hudhani kwamba tofauti zao ni za fahari tu: mwenye fedha amenunua kubwa, na asiye na fedha amenunua dogo. Sivyo. Kila umbo lina sababu yake, na mara nyingi sababu hiyo ni barabara ambayo gari lilitengenezwa kwa ajili yake. Likitolewa katika barabara hiyo na kupelekwa katika nyingine, gari lililokuwa zuri laweza kuwa mtego.

Jambo hili lilionekana katika nchi yetu zamani, kabla magari ya injini hayajakuwako. Katika karne ya 19 wasafiri wa Afrika ya Kusini walitumia gari kubwa la mbao, lenye magurudumu manne na paa la turubai, likivutwa na ng'ombe wengi waliofungwa wawili wawili. Lilikuwa ghala mchana na nyumba usiku, na jamaa nzima iliweza kukaa ndani yake miezi mingi. Wamisionari wa London Missionary Society, ambao walilizoea huko kusini, walifikiri kwamba lingefaa pia kwa safari ya kutoka pwani mpaka Ujiji, badala ya kutwika wapagazi mizigo yote. Mwaka 1876 Roger Price alitoka Saadani pamoja na ng'ombe wachache ili kuijaribu njia, akafika Mpwapwa salama, akarudi na habari njema. Mwaka 1877 msafara wenyewe ukaondoka na magari. Mwaka huo huo Alexander Mackay wa Church Missionary Society alikuwa akikata njia ya magari kutoka Saadani kwenda Mpwapwa, akifyeka msitu na kutengeneza vivuko.

Kisha ng'ombe wakaanza kufa. Mbung'o waliokuwa katika vichaka vya njiani waliwauma, wakawatia ugonjwa wa nagana, nao wakakonda na kuanguka mmoja mmoja. Magari yakasimama. Mizigo ikarudi juu ya vichwa vya wapagazi, na wamisionari wakaendelea kwa miguu. Wa kwanza wao walifika Ujiji mwezi wa Agosti 1878. Fundi aliyeyatengeneza magari yale hakukosea ubao wala msumari. Lakini gari lile lilihitaji ng'ombe kama gari la sasa lihitajivyo petroli, na nchi ya mbung'o haikuwa nchi ya ng'ombe.

Huko Uingereza, daktari mmoja jina lake William Gordon Stables, aliyewahi kuwa tabibu katika manowari, aliagiza mwaka 1885 gari la kusafiria kwa furaha tu, si kwa biashara wala kwa kuhama. Liliundwa na Bristol Wagon Works, akaliita Wanderer, maana yake mtembezi. Ndani yake lilikuwa kama chumba cha bwana, lenye mbao nzuri na kabati za vitabu. Uzito wake ulikaribia tani 2, na farasi wawili ndio waliolivuta. Mwaka ule alisafiri nalo maili 1,300 kutoka kusini ya Uingereza mpaka Inverness, kaskazini ya Scotland. Mtumishi wake mmoja alitangulia mbele kwa baiskeli ya magurudumu matatu, ili awaonye watu waliokuwa wakija katika njia nyembamba kwamba nyuma yake yaja nyumba. Farasi wawili wakivuta tani 2 huenda vema mahali palipo sawa. Penye mlima huhema, na penye mteremko nyumba hutaka kuwapita. Watengenezaji wote waliomfuata daktari huyo wamekutana na mlima huo huo.

Injini ilipokwisha kuchukua mahali pa farasi, gari la kulala lililopata sifa kuliko yote lilianza na mchoro mdogo. Mwaka 1947 Ben Pon, mfanya biashara wa Uholanzi, alichora katika daftari yake umbo la gari kama sanduku: dereva mbele kabisa juu ya magurudumu ya mbele, injini nyuma kabisa, na mzigo katikati. Kiwanda cha Volkswagen cha Ujerumani kikaanza kulitengeneza mwaka 1950. Watu wa Afrika Mashariki walilijua sana baadaye kwa jina la kombi. Ubora wa mchoro ule ulikuwa mizani yake. Dereva akiwa mbele na injini ikiwa nyuma, mzigo hukaa katikati ya magurudumu, na gari hubaki sawa likiwa tupu au likiwa limejaa. Injini yake ya kwanza ilikuwa na nguvu za farasi 25 tu, nayo ilipozwa kwa upepo, bila rejeta. Asiye na maji ya kupozea hana hofu ya maji kukauka njiani, na hilo lilikuwa jambo kubwa katika nchi za joto na katika nchi za barafu vile vile.

Mwaka 1951 kiwanda kingine cha Ujerumani kiitwacho Westfalia kilitengeneza sanduku la vyombo vya kulalia na kupikia ambalo liliweza kutiwa katika kombi na kutolewa tena. Siku za kazi fundi au mwenye duka alichukua bidhaa zake. Jumamosi aliingiza sanduku, akaenda na watoto wake ziwani au milimani. Vita vilikuwa vimekwisha mwaka 1945, na watu wengi hawakuwa na fedha za kununua gari la kazi na gari jingine la mapumziko. Sanduku lile liliwapa mawili kwa bei ya moja. Hapana shaka kwamba hii ni katika akili zilizo bora kabisa katika habari zote za magari haya, ingawa chombo chenyewe kilikuwa mbao na magodoro tu.

Lakini kombi lilikuwa na matatizo mawili ambayo mpaka leo huwasumbua watengenezaji. La kwanza ni urefu wa mtu. Ndani ya gari la kawaida mtu mzima hawezi kusimama. Kulala aweza, kukaa aweza, lakini apikapo hana budi kuinama, na avaapo suruali hana budi kujikunja. Kwa siku mbili hilo ni mchezo. Kwa miezi miwili ni maumivu ya mgongo. Basi paa lifanywe nini?

Wengine huliacha lilivyo. Gari hubaki fupi, jepesi, na upepo haulisumbui. Hupita chini ya matawi, huingia katika banda la gari, na kutoka nje hakuna ajuaye kwamba ndani amelala mtu. Wasafiri wengi hulipenda kwa sababu hiyo ya mwisho, maana mwizi humtafuta mgeni mahali anapomjua.

Wengine hulikata paa, wakalitia bawaba na kuta za turubai, ili liinuliwe usiku na kushushwa mchana. Huko Folkestone, pwani ya Uingereza, kiwanda cha Martin Walter, ambacho kilianza mwaka 1773 kwa kutengeneza lijamu na hatamu za farasi, kilijulikana sana katika miaka ya 1950 na 1960 kwa magari yaitwayo Dormobile. Paa lake lilikuwa na bawaba upande mmoja wa gari. Lilipoinuliwa, upande wa pili ulipanda juu na turubai yenye mistari ya rangi ikakunjuka kama mbawa ya kuku alaliaye vifaranga. Wengine huweka bawaba mbele au nyuma, na paa hufunguka kama kinywa cha kiboko. Paa la namna hii ni werevu mtupu. Mchana gari ni fupi, usiku ni refu, na katika nchi za joto hewa hupita katika turubai na mtu hulala vema. Watalii waliokwenda mbuga za Kenya na Tanzania walilijua vizuri paa la kuinuka, maana magari yao yalikuwa nalo, si kwa kulala bali kwa kusimama na kutazama simba.

Hasara zake hujulikana usiku wa dhoruba. Turubai hupiga makelele kama tanga, mvua ya upande hupenya katika mishono, na msafiri akilishusha likiwa bichi huota ukungu. Katika nchi za baridi joto lote hupanda na kutoka. Tena paa lililokatwa si imara kama paa zima, kwa sababu paa ndilo lifungalo kuta za gari zisiyumbe. Fundi mwema hutia chuma cha kuimarisha mahali alipokata, na fundi mbaya huacha.

Namna ya tatu ni paa refu lisiloshuka. Mtu husimama wakati wote, huweka makabati juu, na mvua haimhusu. Lakini gari likipanda kwenda juu, kitovu cha uzito wake hupanda pia. Msomaji na asimamishe kibiriti juu ya ubao kwa upande wake mwembamba, kisha auinamishe ubao taratibu, kibiriti kitaanguka. Akilaze kwa ubapa, na auinamishe ubao vile vile, kitakaa. Gari refu katika kona kali ni kibiriti kilichosimama. Upepo wa ubavuni hulisukuma, na usukani hutaka mikono yote miwili. Tena lasukuma hewa nyingi zaidi mbele yake, na hewa hiyo hulipiwa kwa petroli kila kilomita, mchana kutwa, ili mwenye gari asimame wima nusu saa jioni. Kama akaa mahali pamoja wiki nzima, bei si mbaya. Kama ahama kila siku, afadhali ainame.

Tatizo la pili la kombi ni upana. Ndani yake upana haufiki urefu wa mtu mzima, kwa hiyo hawezi kunyoshwa kitanda cha kukingama. Yambidi alale kwa urefu wa gari, na kitanda kikinyoshwa nafasi yote imekwisha. Apendaye kuamka mapema kupika chai humwamsha mwenzake ili akunje kitanda. Magari ya baadaye yaliongezwa upana. Gari la Fiat liitwalo Ducato, la umbo lililotoka mwaka 2006, ndani lina upana wa karibu mita 1.9, na mtu asiyezidi kimo hicho hulala kwa kukingama nyuma kabisa. Nafasi imepatikana hivyo, na jiko na meza vikabaki mahali pake usiku na mchana. Ndiyo maana magari mengi sana ya kulala ya Ulaya siku hizi yamejengwa katika gari hilo. Kombi nalo lilibadilishwa: tangu mwaka 1990 injini ya gari jipya la Volkswagen la namna hiyo iliwekwa mbele, sakafu ya nyuma ikashuka ikawa sawa, ingawa wapenzi wa umbo la zamani walinung'unika.

Wako wasioridhika na kuta za kiwanda. Hao hununua gari lenye sehemu ya dereva na fremu tu, kisha juu ya fremu hujenga chumba kamili, chenye kuta nene za kuzuia baridi, choo, mahali pa kuogea, na kitanda cha juu kilichotokeza juu ya kichwa cha dereva. Ndani yake ni nyumba kweli. Katika barabara pana za Marekani, ambako kiwanda cha Winnebago kilianza kuyauza kwa wingi tangu mwaka 1966, magari kama hayo husafiri maelfu ya maili bila taabu. Taabu yao ni mizani. Mara nyingi chumba huzidi fremu kwa urefu, na mkia wake hutokeza nyuma sana ya magurudumu, na huko mkiani ndiko mwenyewe apendako kupakia vyombo vizito.

Kila aliyechukua mzigo wa mzegazega ajua habari hii. Mti ukae begani na mizigo iwe sawa mbele na nyuma, hapana shida. Mzigo wa nyuma ukisogezwa mbali na bega, mbele hupanda juu. Gurudumu la nyuma ndilo bega la gari. Tuseme magurudumu ya mbele na ya nyuma yameachana kwa mita 3, na mtu ameweka kilo 100 mkiani, mita 1.5 nyuma ya magurudumu ya nyuma. Magurudumu ya nyuma hayakuongezewa kilo 100, bali 150, na zile 50 zimetolewa katika magurudumu ya mbele. Basi ya nyuma yameelemewa, na ya mbele, ambayo ndiyo yaongozayo na kushika sehemu kubwa ya breki, yamekuwa mepesi. Dereva huona usukani wake umelainika, akafurahi, kumbe ni dalili ya hatari. Na penye kivuko cha mto, gari likipanda ukingo, mkia ule mrefu huchimba ardhi.

Hesabu ya uzito yastahili kufanywa kwa kalamu, maana macho hayaioni. Katika Ulaya, kwa miaka mingi, mpaka wa gari la leseni ya kawaida umekuwa kilo 3,500 pamoja na vyote vilivyomo. Tuseme gari lenye chumba, likiwa na dizeli yake tu, lina kilo 2,950. Zimebaki 550. Waingie watu 4 wa kilo 70 kila mmoja, zimebaki 270. Tangi lijazwe lita 100 za maji, na lita moja ya maji ni kilo moja: zimebaki 170. Mitungi 2 ya gesi ni kilo 45, baiskeli 2 ni kilo 35, na mfuko wa nguo wa kila mtu ni kilo 15. Zimebaki 30, na bado hakuna chakula, wala sufuria, wala blanketi, wala jeki. Gari lile kubwa lenye vitanda sita lilionekana dukani kuwa na nafasi ya kila kitu. Nafasi linayo, haki ya kuijaza halina.

Uzito uliozidi hausemi kitu mahali palipo tambarare. Husema mlimani. Breki hufanya kazi yake kwa kugeuza mwendo kuwa joto. Uzito ukiwa maradufu joto huwa maradufu, na mwendo ukiwa maradufu joto huwa mara nne. Katika barabara ya kutoka Morogoro kwenda Iringa liko teremko la Kitonga, lenye kona nyingi na bonde upande mmoja. Dereva ashukaye hapo na gari zito, akikanyaga breki tangu juu mpaka chini, zitapata moto, zitatoa harufu, kisha zitakuwa hazishiki. Anayejua kazi hutia gia ndogo kabla hajaanza kushuka, injini ikamzuilia gari, naye huitunza breki kwa kona. Daktari Stables na farasi wake wangemwelewa mara moja.

John Steinbeck, mwandishi wa Marekani, mwaka 1960 alizunguka nchi yake pamoja na mbwa wake Charley. Hakununua gari la chumba. Alichukua gari la mizigo la GMC, na juu ya kitanda chake likawekwa banda dogo lenye jiko, meza na kitanda, akaliita Rocinante, jina la farasi wa Don Quixote. Banda la namna hii lina faida kwamba laweza kuteremshwa, na gari likabaki gari. Tena gari la mizigo lina springi ngumu zilizotengenezwa kwa kubeba. Lakini hata hivyo alilipakia kupita kiasi, kama alivyoandika mwenyewe katika kitabu cha safari hiyo, na huko Oregon tairi likapasuka. Gari lake latunzwa katika nyumba ya kumbukumbu yake huko Salinas, California.

Na huko kusikokuwa na lami? Habari hubadilika kabisa. Barabara ya vumbi ikikaa bila kuparwa hufanya mawimbi madogo madogo kama bati la kuezekea, na gari likipita hutetemeka siku nzima. Skrubu hujifungua zenyewe. Milango ya makabati hufunguka, vikombe hugeuka vigae, gundi huachia, na bomba la gesi lililofungwa vibaya huanza kuvuja. Chumba kizuri cha Ulaya, kilichotengenezwa kwa mbao nyembamba ili kiwe chepesi, chaweza kuachana maungo katika wiki chache. Wanaokwenda njia hizo huchagua gari lenye tumbo lililo juu ya ardhi, magurudumu yote manne yakivuta, na vyombo vichache vilivyofungwa kwa bolti. Hilo halikuanza jana. Paul Graetz, ofisa wa Kijerumani, alipoondoka Dar es Salaam mwezi wa Agosti 1907 kulivuka bara la Afrika kwa gari, gari lake la Gaggenau lilijengwa kwa kusudi hilo, lenye magurudumu makubwa na tumbo la juu, na bado ilimchukua mpaka mwezi wa Mei 1909 kufika Swakopmund katika pwani ya magharibi. Land-Rover, iliyoonyeshwa kwanza mwaka 1948, ilitiwa na Martin Walter paa la kuinuka katika miaka ya 1960, na wasafiri wengi walivuka nalo jangwa la Sahara. Kulala ndani yake ni kubanana, lakini hufika.

Kwa malori makubwa ya jangwani mafundi wamefikiri jambo moja ambalo lastahili kusifiwa. Fremu ya lori hujipinda penye mashimo, gurudumu moja likiwa juu na jingine chini, na kujipinda huko ni kwa faida yake, ili magurudumu yote yashike ardhi. Chumba kigumu kikifungwa imara pembe zote nne juu ya fremu kama hiyo, kitapasuka. Kwa hiyo hukiweka juu ya nguzo tatu zenye kuzunguka. Kigoda cha miguu mitatu hakiyumbi hata sakafu ikiwa mbovu, lakini kiti cha miguu minne hutafuta mahali pa kusimama. Chumba hukaa juu ya lori kama bibi juu ya kigoda chake, na fremu chini yake hujipinda ipendavyo. Na penye mchanga hupunguza upepo wa tairi, ili zipanuke kama wayo wa ngamia zisizame.

Jambo moja ni sawa kwa magari yote, makubwa na madogo, ya lami na ya vumbi, nalo limeua watu. Gari la kulala ni chumba kidogo sana kilichofungwa vizuri. Mtu aliyeona baridi, akaingiza jiko la mkaa ndani yake na kufunga madirisha, huenda asiamke. Mkaa uwakao penye hewa haba hutoa kaboni monoksidi, ambayo haina rangi wala harufu. Damu huishika kwa nguvu kuliko oksijeni, na mtu husinzia, kichwa kikimuuma kidogo, akadhani ni uchovu wa safari. Hata jiko lililokwisha kuwaka vizuri, lisilo na moshi, latoa sumu hiyo. Moshi haumo, na hilo ndilo huwadanganya watu. Kwa hiyo fundi mwema hutoboa matundu ya hewa chini na juu ambayo hayawezi kuzibwa, na jiko la kupashia joto hulipa bomba lake la kutolea hewa nje. Mwenye gari aionaye baridi ya matundu hayo akayaziba kwa matambara amejifanyia kaburi. Ni hivyo hivyo katika nyumba ya udongo isiyo na dirisha.

Yako pia magari ya kulala ambayo hakuna ayaitaye hivyo. Kila siku malori huondoka bandari ya Dar es Salaam kwenda Zambia na Kongo, na dereva na utingo wake huwa njiani siku nyingi, mara nyingine zikiwamo siku za kungoja katika foleni ya Tunduma mpakani. Nyuma ya viti vyao kuna kitanda chembamba cha kukingama, ambacho kwa upana wa lori hutosha mtu wa kimo chochote. Jiko, sufuria na dumu la maji hukaa katika sanduku la chuma lililofungwa ubavuni mwa tela, chini, karibu na magurudumu, wala hayapandishwi ndani. Jioni ugali hupikwa nje, kwenye kivuli cha tela. Kisha mmoja hupanda kitandani, na mwenzake hukunja koti, akalaza kichwa juu ya viti, dirisha likiwa limeachwa wazi upana wa vidole viwili.